Kabla ya Mbio, Breki: Paipu za Chuma Katika Gari la Kijana

Mama mmoja wa mtaani petu alitujia hivi karibuni na swali ambalo hatukulitarajia. Mwanawe amenunua Subaru Impreza WRX iliyotumika, mojawapo ya magari ya mbio yanayoshuka bandarini Kilindini kutoka Japani, na sasa anaomba fedha za kulitilia paipu za breki za chuma. Mama akatuuliza: "Je, haya ni mapambo kama marimu na mngurumo wa ekzosi, au ni jambo la usalama? Nimpe au nimnyime?"

Tuliona kwamba swali hilo si lake peke yake. Nyumba nyingi za Pwani zina kijana mwenye gari la namna hii, na mzazi ambaye halali mpaka asikie mlango wa ua umefungwa. Tukaandamana na mama na kijana wake hadi kwa fundi mmoja mkongwe, tukakaa hapo alasiri nzima.

Fundi alianza na msingi. Dereva akikanyaga pedeli, pistoni ndani ya masta silinda husukuma mafuta ya breki. Mafuta hupita katika vibomba vigumu chini ya bodi, kisha huingia katika paipu fupi zenye kupinda karibu na magurudumu. Paipu hizo hazina budi kupinda, kwa kuwa gurudumu hupanda na kushuka, na yale ya mbele hugeuka kila usukani unapokatwa. Mwisho mafuta hufika kwenye kalipa, nayo hubana pedi juu ya diski.

Paipu zinazotoka kiwandani kwa kawaida ni za mpira uliotiwa nyuzi ndani. Mafuta yakisukumwa kwa nguvu, mpira hutanuka kidogo, na ukizeeka hutanuka zaidi. Hapo sehemu ya nguvu ya mguu hupotea na pedeli huwa laini. Paipu za chuma zina mrija wa Teflon ndani, na juu yake nyaya nyembamba za chuma kisichoshika kutu, zilizosukwa kwa kubana mithili ya ukili wa mkeka. Hazitanuki kwa urahisi, kwa hiyo pedeli huwa ngumu na dereva huihisi breki vyema.

"Lakini," akasema fundi, akimtazama kijana, "hazitakusimamisha karibu zaidi ikiwa matairi yako yamekwisha. Gari husimamishwa na tairi na lami. Kama paipu ya mpira iliyo nzima yaweza kuyabana magurudumu mpaka yakafunga, chuma hakikuongezei kitu hapo."

Kijana alinyamaza. Kisha akasema jambo ambalo mamake hakuwa amelisikia. Mwezi uliopita alikuwa akiteremka kutoka Kwale kuelekea Kombani, na dada yake mdogo ameketi kando. Alikuwa akibana breki kila kona. Karibu na mwisho wa mteremko pedeli ilizama mpaka chini kama aliyekanyaga sifongo. Alinusurika kwa kupunguza gia na kuvuta breki ya mkono. Gari lilipopoa, pedeli ilirudi kama kawaida, na tangu siku hiyo akaamini kwamba dawa ni paipu za chuma.

Mama alishika kifua. "Mwanangu, na mimi hukuniambia?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa utaniuzia gari."

Fundi alifungua kikopo cha mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama chai iliyochemshwa mara tatu. Akatueleza kwamba mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya Pwani haina upungufu wa unyevu. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Breki zikipata moto mteremkoni, mafuta huchemka, mvuke huingia njiani, na mvuke hubonyea. Paipu za chuma zisingelizuia hilo. Kubadilisha mafuta kila baada ya miaka miwili ndiko kungelizuia.

Hata hivyo paipu nazo hazikuwa salama. Alipoikunja mojawapo, nyufa zilifunguka kama kisigino kilichokauka. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini likishaingia huendeshwa miaka mingi zaidi kwa mpira uleule. Zilikuwa za kubadilishwa, iwe kwa mpira mpya au kwa chuma.

Mama akakubali chuma, na fundi akaweka masharti. Paipu ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya gari hilohilo, ncha zake zimebanwa kiwandani, na zimevikwa plastiki juu, kwani nyaya tupu hukusanya mchanga na hukereza chochote zinachogusa. Gari likalie stendi imara. Jeki pekee haiaminiki. Washa za shaba ziwe mpya. Paipu isifungwe ikiwa imejisokota, na usukani ukatwe mpaka mwisho pande zote mbili kuhakikisha haivutwi wala haigusi tairi. Kisha hewa itolewe gurudumu baada ya gurudumu, kwa utaratibu wa kitabu cha gari, na kikopo kisiachwe kikauke hata mara moja. Mafuta yakidondokea rangi ya bodi, yaoshwe kwa maji papo hapo. Gari lisiondoke mpaka pedeli iwe ngumu na kila kiungo kiwe kikavu.

Kwa wazazi wenzetu, jibu letu ni hili. Ombi kama hili lisikataliwe kwa hasira wala lisikubaliwe kwa kufumba macho. Ulizeni kwanza matairi, kisha pedi, kisha mafuta, ndipo paipu. Na muulizeni kijana kwa upole ni nini kilichomfanya aombe. Huenda nyuma ya ombi pana mteremko ambao hamjausikia.

Jumapili iliyofuata kijana alimpeleka mamake Kwale. Waliteremka jioni kwa gia ndogo, bila haraka, na mama akatueleza kwamba alisahau kushika kiti.