Upele na majani ya mwarobaini

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia upele, ule unaowasha usiku hadi mtoto hapati usingizi. Je, mwarobaini unausaidia kweli?

Upele huletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ndani ya ngozi, hasa katikati ya vidole na kiunoni. Huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na pale watu sita wanapolala mkeka mmoja, huenea haraka. Si aibu, na si dalili ya uchafu. Ukijikuna, ngozi huchubuka, bakteria huingia, na hapo ndipo usaha unapoanza. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kutibu: mdudu, na vidonda alivyovisababisha.

Majani ya mwarobaini yana kemikali chungu zinazozuia baadhi ya bakteria kukua. Mwaka 1992 watafiti walichapisha matokeo kutoka India: watu 814 wenye upele walipakwa majani hayo yaliyopondwa pamoja na manjano, na 97 katika kila 100 walipona kati ya siku 3 na 15. Inatia moyo, lakini ulikuwa utafiti wa awali tu. Kama zahanati ina dawa ya kupaka ya upele, anza na hiyo. Na mpakwe nyote nyumbani siku moja, hata asiyewashwa, la sivyo mtaambukizana upya. Nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto. Kuni zikikosekana, yafungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa angalau siku 3.

Mwarobaini utumie kuoshea michubuko. Osha majani, yachemshe dakika 10, acha maji yapoe, kisha safisha ngozi baada ya kuoga kwa sabuni. Usibandike majani mabichi yaliyopondwa juu ya kidonda kilicho wazi, maana yanaweza kubeba vijidudu vya udongo, hata vya pepopunda.

Mama, tafadhali usimnyweshe mtoto mafuta ya mwarobaini, hata kijiko kimoja. Kuna watoto wachanga waliopata degedege na kupoteza fahamu kwa sababu hiyo.

Mtoto akiwa na homa, au ngozi ikivimba na kuwa ya moto, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Vilevile uso ukivimba na mkojo ukawa na rangi ya chai kavu: bakteria wa ngozi wanaweza kuumiza figo, na hilo haliponywi kwa majani.