Santuri

Santuri ni sahani bapa ya mviringo inayohifadhi sauti, hasa muziki, katika mfuo mwembamba uliochorwa juu yake. Mfuo huo huanza karibu na ukingo na kuzunguka kuelekea katikati. Kwa Kiswahili jina hilohilo hutumiwa pia kwa mashine ya kuichezea, yaani gramafoni. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 santuri ilikuwa njia kuu ya kuuza muziki duniani, kabla ya kaseti na CD.

Jinsi inavyofanya kazi

Kuta za mfuo zina mawimbi madogo yanayolingana na mawimbi ya sauti iliyorekodiwa. Santuri inapozunguka, sindano hupita ndani ya mfuo na kutikiswa na mawimbi hayo. Katika gramafoni za zamani mtikisiko huo ulifikishwa kwenye kiwambo na kukuzwa kwa pembe, bila umeme. Katika mashine za baadaye kichwa cha sindano mara nyingi huwa na sumaku na koili, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa umeme mdogo. Amplifaya huuongeza, na spika huurudisha kuwa sauti.

Sauti nzito huhitaji mawimbi mapana yanayochukua nafasi kubwa. Kwa sababu hiyo hupunguzwa wakati wa kuchora mfuo, na sauti nyembamba huongezwa. Wakati wa kucheza, amplifaya yenye sehemu maalumu ya santuri hurudisha uwiano wake. Bila sehemu hiyo, muziki husikika hafifu na usio na besi.

Historia

Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza fonografu, iliyohifadhi sauti kwenye mcheduara. Mwaka 1887 Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Marekani, aliomba hataza ya gramafoni. Faida ya sahani ya Berliner ilikuwa kwamba nakala nyingi ziliweza kuchapwa kwa kalibu moja.

Santuri za zamani zilizungushwa takriban mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wa Asia ya Kusini. Zilikuwa nzito, zilivunjika upesi, na ile ya inchi 10 ilibeba takriban dakika 3 tu kila upande.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilileta LP, santuri ya plastiki ya vinili yenye mizunguko 33⅓ kwa dakika. LP ya inchi 12 hubeba dakika 20 au zaidi kila upande. Mwaka 1949 RCA Victor ilitoa santuri ndogo ya inchi 7 yenye mizunguko 45 kwa dakika. Santuri za stirio zilianza kuenea mwaka 1958.

Santuri katika Afrika Mashariki

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarab Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri na wenzake hadi Bombay, Uhindi, kurekodi nyimbo. Santuri zake zilikuwa miongoni mwa za kwanza za muziki wa Kiswahili, na sauti yake ilisikika mbali na visiwani.

Baadaye Nairobi ikawa kituo kikuu cha santuri katika eneo hilo. Wanamuziki kutoka Kenya, Tanzania na Kongo walirekodi huko au nyimbo zao zilichapwa huko. Santuri ya inchi 7 ilipendwa zaidi, na ufupi wake uliathiri hata mpangilio wa muziki. Wimbo mrefu wa rumba au benga uligawanywa: upande wa kwanza ulikuwa na maneno, na wa pili mara nyingi ulikuwa na sehemu ya kucheza, ambapo magitaa huongoza.

Kaseti zilipoenea, hasa miaka ya 1980, watu wengi waliweza kunakili muziki kwa gharama ndogo bila kuwalipa wasanii. Biashara ya santuri ikaanguka. Kanda asilia za nyimbo nyingi zimepotea, na baadhi ya nyimbo hizo zimebaki kwenye santuri za zamani pekee. Kwa hiyo santuri iliyosahauliwa kabatini inaweza kuwa moja ya nakala chache za wimbo fulani.

Kurudi kwa santuri

CD ilianza kuuzwa mwaka 1982 na ikachukua nafasi ya LP. Hata hivyo, tangu miaka ya 2000 mauzo ya santuri mpya yameongezeka tena Ulaya na Marekani. Mwaka 2022 nchini Marekani ziliuzwa santuri nyingi kuliko CD, mara ya kwanza tangu miaka ya 1980. Wapenzi wake hutaja sauti, jalada kubwa lenye picha, na desturi ya kusikiliza upande mzima bila kuruka wimbo.

Utunzaji

- Santuri husimamishwa wima. Zikilazwa kwa marundo huweza kupinda au kuvunjika.
- Vinili huharibiwa na joto. Kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani kunatosha kuipinda.
- Hushikwa kwa ukingo na lebo, kwa sababu mafuta ya vidole hunasa vumbi ndani ya mfuo.
- Santuri ya shelaki haisafishwi kwa spiriti, kwani spiriti huyeyusha shelaki.
- Mfuo wa santuri ya mizunguko 78 ni mpana, hivyo huhitaji sindano nene kuliko ya LP.
- Santuri adimu inafaa kurekodiwa kidijitali mapema, kwa sababu sindano huichakaza kidogo kila inapochezwa.