Rilei Kulia "Tak" Si Ushahidi

Pikapu inapokataa kuwaka kandokando ya barabara ya Mombasa, mtu wa kwanza kuinama chini ya boneti huwa na hukumu tayari: hiyo ni stata. Taa zikififia, hukumu ni alteneta. Honi ikinyamaza, ni rilei. Mwenye gari hutumwa duka la spea, hurudi na kifaa, kifaa kinafungwa, na mara nyingine gari linapona. Lisipopona ndipo pesa inapoanza kuuma, kwa sababu maduka mengi ya spea yana kanuni moja isiyojadiliwa: kifaa cha umeme kikishauzwa hakirudishwi. Hasara ya kubahatisha basi haimwangukii fundi wala muuzaji, humwangukia mwenye pikapu peke yake. Wakati huohuo, katika magari yanayofanya kazi Voi, Mwatate, Taveta na milima ya Taita, kosa la umeme hupenda kukaa kwenye maungio kuliko ndani ya vifaa vyenyewe. Maungio mabaya mara nyingi hayaonekani kwa macho, hayasikiki kwa sikio, na hata multimita huyakosa ikitumiwa ovyo. Yanakamatwa kwa kupima umeme wakati kifaa kinachosumbua kimewashwa na kinajaribu kufanya kazi. Kupima kabla ya kuwasha, ambako ndiko kumezoeleka, hudanganya.

Kwa nini maungio? Sababu iko katika ardhi yenyewe. Voi imekaa kwenye nyika kavu yenye vumbi jekundu, lile linalowapaka ndovu wa Tsavo rangi isiyo yao, nalo ni laini kiasi cha kupenya ndani ya soketi ya plastiki iliyolegea kidogo tu. Ukipanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, kona baada ya kona, unaingia katika hewa nyingine kabisa, ya ukungu na umande; kilele cha Vuria kimepita mita 2,200. Pikapu inayopakia kabichi na nyanya huko juu na kuzishusha Mombasa hupitia ubaridi wenye unyevu, joto la vumbi na hewa ya chumvi ya bahari katika safari moja. Chuma na shaba hutanuka na kunywea, pini iliyobana hulegea, na unyevu ukishaingia kwenye uwazi huo huzaa ile poda ya kijani ambayo kila fundi wa umeme wa magari anaijua. Ongeza mtikisiko. Lami ya kwenda Taveta imepunguza adha, lakini barabara za Kasigau, njia za migodi ya vito na zile za ndani ya mashamba ya mkonge bado hutikisa gari mpaka meno yagongane. Stata iliyotengenezwa vizuri huvumilia hayo kwa miaka mingi. Pini nyembamba iliyobanwa ndani ya soketi haina ustahimilivu huo.

Rilei ndiyo inayoshukiwa upesi zaidi, na ndiyo isiyoeleweka zaidi. Ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Haikubuniwa kwa ajili ya magari: telegrafu za karne ya 19 ziliitumia ili mkondo uliochoka kwa safari ndefu ya waya ufungulie mwingine wenye nguvu. Katika pikapu kazi ni ileile. Ndani ya kile kisanduku cheusi mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, inayotumia chini ya robo ampea. Ikipata umeme hugeuka sumaku, huvuta ulimi wa chuma, na ulimi hukutanisha pointi mbili zinazoweza kupitisha ampea 30. Kwa hiyo swichi ndogo kwenye usukani haibebi umeme wote wa taa, bali hubeba ule wa kuamrisha tu. Kwenye rilei nyingi utaona namba: 85 na 86 ni za koili, 30 hupokea moto kutoka kwenye betri, 87 huupeleka kwenye kifaa. Namba hizo ni za kanuni ya Kijerumani iliyoenea duniani. Toyota mara nyingi huandika 1 na 2 kwa koili, kisha 3 na 5 kwa pointi. La kukumbuka ni kwamba kila rilei ina njia mbili zisizochanganyikana, ya amri na ya kazi, na kila moja inaweza kufa peke yake.

Sasa tazama ile sauti ya "tak" ambayo imewafanya wengi waape kwamba rilei ni nzima. Sauti hiyo inathibitisha kwamba amri imefika na ulimi umevutwa. Haisemi lolote kuhusu pointi, ambazo huenda zimeungua na kuwa nyeusi, wala kuhusu waya inayotoka 87 kwenda mbele. Na ukimya nao hauthibitishi kwamba rilei imekufa. Huenda amri yenyewe haijafika. Kabla ya kununua, kuna jaribio lisilo na gharama: katika kisanduku kimoja cha fyuzi huwa mna rilei mbili au tatu za aina moja, zenye namba ileile na mchoro uleule ubavuni. Badilishanisha ya taa na ya honi. Kosa likihama, rilei ndiyo mkosaji. Likibaki palepale, rilei imeonewa, na pesa za kununua nyingine zimebaki mfukoni.

Likibaki palepale, multimita inahitajika, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Fundi huchomoa soketi ya taa, hugusisha ncha mbili za multimita, husoma volti 12.6, na kutangaza kwamba umeme unafika. Umeme unafika, ndiyo, lakini haujabebeshwa kitu. Ni kama bomba la maji lililoziba karibu lote: ukifunga mfereji, kipimo cha presha huonyesha kwamba kila kitu ni sawa, ukiufungua, yanatoka matone. Waya iliyokatika nyuzi zake zote isipokuwa moja bado itaonyesha 12.6, kwa kuwa multimita huvuta umeme kidogo mno. Rudisha balbu kwenye soketi, washa taa, kisha upime tena. Hesabu ni fupi. Balbu mbili za wati 55 huvuta takriban ampea 9 kwa jumla. Ungio lenye kutu linaloleta ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, kiasi ambacho multimita za bei nafuu haziwezi kukipima kwa uhakika, litakula karibu volti 1 nzima na kuigeuza kuwa joto papo hapo ndani ya soketi. Ndiyo maana plastiki huyeyuka bila fyuzi kukatika: fyuzi huhesabu ampea, haihesabu joto. Na kwa balbu ya kawaida, upungufu wa asilimia 10 wa volti huondoa takriban asilimia 30 ya mwanga. Dereva anayetoka Taveta usiku na kupita Maktau, ambako ndovu huvuka barabara bila kuomba ruhusa, anauhitaji mwanga huo wote.

Namna ya kupima ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Taa zikiwa zinawaka, weka ncha moja kwenye risasi yenyewe ya chanya ya betri, si kwenye kibanio chake, na nyingine kwenye pini ya moto ya balbu. Namba inayosomeka ni volti zilizopotea njiani. Ikizidi nusu volti, kuna kitu. Kisha gawanya njia katikati: rudisha ncha ya pili kwenye mguu wa 30 wa rilei, halafu wa 87. Hasara ikitokea kati ya 30 na 87, pointi zimeungua, na sasa una sababu ya kweli ya kununua rilei. Ikitokea kabla ya hapo, angalia fyuzi na soketi yake. Baada ya hapo, waya ya kwenda mbele. Halafu fanya hivyohivyo upande wa hasi, kutoka pini ya bodi ya balbu hadi risasi ya hasi ya betri, ambako hata sehemu mbili za kumi za volti zinatosha kukutia shaka. Upande huu ndio husahaulika. Umeme wa gari hurudi kwenye betri kupitia bodi na chasisi, na njia hiyo ya kurudi imefungwa kwa bolti chache zinazokaa wazi kwenye matope na vumbi. Taa ya nyuma inapopepesa kwa sababu umekanyaga breki, au taa ya kona inapowasha zisizohusika, ni nadra balbu kuwa na kosa. Umeme umekosa njia ya kurudi, ukapitia kwa jirani.

Kuna mtego mwingine katika Toyota nyingi za zamani, zikiwemo Hilux na Land Cruiser ambazo bado ni ng'ombe wa kazi wa eneo hili. Taa zake za mbele hupewa moto moja kwa moja, na swichi hufanya kazi upande wa bodi. Anayepima kwa taa ya testa hukuta moto kwenye kila pini hata taa zikiwa zimezimwa, hudhani kuna shoti, na kuanza kukata waya zilizokuwa nzima.

Stata nayo yastahili kutetewa. Ya injini ya dizeli yaweza kuvuta ampea 200 na zaidi, na kwa mkondo huo ukinzani mdogo mno, sehemu moja ya mia ya omu, hula volti 2. Kibanio cha betri kilicholegea kinatosha kabisa kuifanya stata nzima ionekane imekufa. Na hata ikiwa kosa liko ndani, stata za Denso zilizomo katika Toyota nyingi zina vipande vya shaba ambavyo huliwa kwa kugusana. Dalili yake ni "tak" moja nzito, bila injini kuzunguka. Vipande hivyo hubadilishwa peke yake. Kununua stata nzima kwa ajili hiyo ni kutupa kitabu kwa kuwa jalada limechanika.

Mafundi wana majibu yao, na si ya kupuuzwa. La kwanza ni muda: mteja ana nyanya zinazoiva kwenye jua, hataki kusikia habari za volti. Lakini vipimo nilivyovieleza huchukua muda mfupi kuliko kufungua stata na kuirudisha. Kinachozuia zaidi ni malipo. Mwenye gari huona ni haki kulipia kifaa kilichofungwa, ila fundi akitafuta kosa kwa saa nzima kisha akasugua bolti moja kwa msasa, huulizwa, "Kwani umefanya nini?" Maadamu kutafuta hakulipwi, fundi mwenye akili atauza kufunga. Suluhisho liko mikononi mwa mteja: kubaliana bei ya kutafuta kosa kabla boneti haijafunguliwa, na omba kuonyeshwa namba kabla ya kutumwa dukani.

La pili ni kwamba pikapu nyingi zimeshapitia mikono mingi: redio imeongezwa, kifaa cha kuzuia wizi, taa za ziada juu ya bampa, waya zimesokotwa na kufungwa tepu. Mchoro wa kiwandani haufanani tena na gari. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kupima, maana mbinu ya kugawanya njia katikati haihitaji mchoro. La tatu ni lile la kuunganisha "direct", kuruka rilei na swichi kwa waya mpya kutoka kwenye betri. Linafanya kazi, hakuna ubishi, na usiku wa porini linaweza kukutoa pabaya. Ila waya hiyo ikiachwa bila fyuzi karibu na betri, siku itakapochunika na kugusa chuma hakuna kitakachoisimamisha isipokuwa moto. Kuweka fyuzi ya ampea 30 mahali pa 15 kwa kuwa ile "inasumbua" ni hatari ya aina hiyohiyo: fyuzi hukatika ili waya isiungue.

Lipo pingamizi la nne, lenye nguvu kuliko yote. Pikapu za sasa, D-Max na Hilux mpya, zina kompyuta zinazozungumza kupitia waya mbili, na baadhi ya kazi za rilei zimechukuliwa na vipande vya elektroniki vilivyofungwa ndani ya masanduku yasiyofunguliwa. Huko kuchomeka waya ya testa ovyo kunaweza kuunguza kifaa cha bei ya kutisha, na bila mashine ya kusoma makosa hufiki mbali. Lakini mashine hiyo husema kwamba volti ya mzunguko fulani iko chini. Haisemi ni ungio gani lililoila. Kompyuta yenyewe hurudisha umeme wake kwenye bodi kama balbu ilivyofanya zamani, na ikipungukiwa hutoa makosa chungu nzima yasiyohusiana, ambayo mtu mwenye haraka huyasoma kuwa kompyuta imekufa. Kabla ya kuagiza nyingine kutoka Nairobi, pima hasara ya volti kwenye bolti za bodi za injini na za karibu na betri, huku stata ikizunguka. Nyingi zinafunguliwa kwa spana namba 10 au 12.