Kibodi Haitiwi Mafuta

Swali haliishi kwa mafundi wa kompyuta wa Mji wa Kale, Mombasa: kibodi ya zamani inaandika herufi mbilimbili, ipuliziwe mafuta ya WD-40 kiasi gani? Mwenye kibodi keshakata shauri kwamba ni kutu. Chumvi ya bahari inakula nondo za madirisha ya mtaa wa Ndia Kuu, basi imekula na kibodi.

Haikuila. Kutu, ikiwepo, iko kwenye bamba la chuma linaloshikilia swichi zilizo chini ya vibonye, na bamba halipitishi herufi.

Ndani ya swichi ya Cherry MX, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, umeme unapita kwenye ncha mbili ndogo za dhahabu zilizokingamana. Dhahabu haishiki kutu hata kwa upepo wa bahari wa ufuo wa Mama Ngina. Ndiyo maana ikachaguliwa. Kibonye kikiwa juu, vimiguu vya kitelezi cha plastiki vinausukuma kando ukanda mwembamba wa metali. Kikishuka milimita 2 kati ya 4, vimiguu vinauachia, ukanda unaruka wenyewe na ncha zinagusana. Anayebana kwa nguvu hazidishi kitu: mguso ni kazi ya ukanda, si ya kidole. Vumbi likiingia kati, mguso unasitasita, herufi inatoka mara mbili au haitoki kabisa.

WD-40 ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 ili kufukuza maji na kuzuia kutu, na ikalinda makombora ya Atlas. Ikikauka huacha mafuta, na mafuta hunasa vumbi. Kibodi hupona kwa muda kwa sababu uchafu umesukumwa pembeni, na ahueni hiyo ndiyo inayodanganya watu. Kampuni inayoitengeneza inauza kopo jingine la kusafishia viungo vya umeme. Hilo peke yake lingetosha kumaliza ubishi.

Kibodi ya IBM Model M ya 1985 huumia zaidi. Springi yake hupinda ghafla na kubinua kinyundo kinachobana karatasi za plastiki zenye njia za umeme; mafuta yakipenya katikati, hayatoki mpaka misumari ya plastiki ikatwe.

Tiba ni fupi. Waya uchomolewe, vifuniko vya herufi vioshwe kwa sabuni, vumbi lipulizwe kwa hewa kavu. Swichi ya Cherry itiwe tone la alkoholi ya isopropili, ibonyezwe mara nyingi, iachwe ikauke. Ikikataa, fundi afungue lehemu mbili na kuhamishia hapo swichi ya Scroll Lock, isiyotumiwa na mtu.