Ernst May: Msanifu wa Zege kati ya Kilimanjaro na Bahari

Ernst May, msanifu majengo aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886 na kufariki Hamburg mwaka 1970, aliishi Afrika Mashariki kwa karibu miaka 20, tangu 1934 hadi mwishoni mwa 1953. Katika kipindi hicho alichora majengo na mipango ya miji kuanzia Moshi hadi Mombasa, Nairobi na Kampala. Kwa msomaji wa Tanga na mwambao wa kaskazini maisha yake yana uzito wa pekee, kwa kuwa yanaonyesha jinsi usanifu wa zege ulivyoingia katika nchi zenye jua kali na unyevu mwingi, na jinsi fundi yule yule alivyoweza kumjengea mwananchi kwa heshima mahali pamoja na kumtenga mahali pengine.

Sifa yake ya kwanza aliipata kwao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi Uingereza kwa Raymond Unwin, mtetezi wa miji-bustani, yaani makazi yaliyopangwa ili kila familia ipate hewa, mwanga na mahali pa kupanda mboga. Alipopewa usimamizi wa ujenzi wa jiji la Frankfurt mwaka 1925, aliigeuza fikra hiyo kuwa mpango mkubwa wa nyumba za wafanyakazi, na katika miaka mitano zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000 zenye paa bapa na kuta zisizo na nakshi, nyingine zikiundwa kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani kisha kuunganishwa kwenye eneo la ujenzi. Katika nyumba hizo ndimo lilimowekwa jiko lililobuniwa mwaka 1926 na msanifu mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, ambamo kila kabati na kila meza vilipimwa ili mpishi apunguze hatua na uchovu, na mpangilio huo ndio uliozaa majiko ya kisasa yanayoonekana leo katika nyumba za mjini duniani kote. Huo ndio uliokuwa moyo wa usanifu wa kisasa, mtindo ulioacha mapambo na kutaka umbo la jengo litokane na kazi yake.

Mwaka 1930 May alikwenda Urusi na kundi la wasanifu wenzake kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk. Wanazi walipotwaa madaraka Ujerumani mwaka 1933, mlango wa kurudi nyumbani ukafungwa, naye akaja Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza, akawa mkulima karibu na Arusha. Baada ya miaka michache alirudia taaluma yake na kufungua ofisi Nairobi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, uraia wake wa Kijerumani ulimfanya ahesabiwe adui, akawekwa kizuizini Afrika Kusini hadi mwaka 1942.

Mtu aliyezoea baridi ya Ulaya alilazimika kujifunza upya kanuni za ujenzi. Wajenzi wa kale wa Tanga, Pangani na Mombasa walikuwa na jibu lao kwa joto: kuta nene za matumbawe, dari za boriti za mikoko, baraza lenye kivuli na ua wa ndani unaopitisha hewa. Ukuta wa zege ni mwembamba na hupitisha joto upesi, kwa hiyo msanifu wa zege hana budi kulizuia jua kabla halijaugusa ukuta, na kuuacha upepo upite chumbani kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kwa kawaida pande ndefu za jengo huelekezwa kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ncha fupi tu. Madirisha hutiwa vizuia jua vya zege, na roshani pamoja na matofali ya matundu huukaribisha upepo wa kaskazi na wa kusi kwa majira yake. May aliifuata njia hii katika Hoteli ya Oceanic, iliyojengwa Mombasa katika miaka ya 1950 ikitazama bahari, na mtembezi wa katikati ya mji wa Tanga atazitambua kanuni hizo hizo katika majengo ya enzi hiyo, wakati fedha za mkonge zilipokuwa zikiujenga mji, ingawa wachoraji wake walikuwa wengine.

Upande wa pili wa kazi yake haupasi kufichwa. Baada ya kuachiwa alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala, mpango uliokamilika mwaka 1947 na kuyagusa maeneo ya Kololo na Naguru. Mpango huo uliyafuata mabonde na vilima kwa ustadi mkubwa, lakini uliwagawa wakazi kwa rangi, Wazungu mahali pao, Waasia pao na Waafrika pao, na maeneo ya kijani yakawa mipaka kati ya watu. Mkazi wa Tanga haelezwi jambo hilo mara mbili, kwa kuwa mji wake nao uligawanywa na wakoloni: Ngamiani yenye barabara zinazoitwa kwa namba ng'ambo ya reli, na Raskazone yenye nyumba kubwa kando ya bahari. Kinachosikitisha ni kwamba May hakuwa ofisa asiyejua maana ya makazi bora. Aliijua kuliko wengi wa zama zake, lakini aliukubali mgawanyo huo na kuuamini kuwa ni hatua ya lazima katika kile alichokiita maendeleo ya Mwafrika. Mwaka 1945 alibuni pia nyumba ya Mwafrika ya vipande vya zege vilivyopinda na kukutana juu, akidhani umbo hilo linafanana na msonge, lakini nyumba hiyo haikuenea.

Kazi yake iliyo bora kuliko zote katika ardhi ya Tanzania ilitoka kwa Waafrika wenyewe. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kiliuza kahawa ya Wachaga iliyosafirishwa kwa reli hadi bandari za Tanga na Mombasa, na bei ilipopanda baada ya vita kilikuwa na fedha za kujijengea makao makuu mjini Moshi. Jengo hilo, lililojengwa kati ya mwaka 1949 na 1952, liliweka chini ya paa moja ofisi, maduka, mgahawa na nyumba ya wageni, ili mkulima aliyeshuka mlimani kwa shughuli zake apate pa kulala na pa kula mahali asipodharauliwa. Tofauti kati ya Moshi na Kampala haikuwa katika kipaji cha mchoraji, kwani mkono ni ule ule. Ilikuwa katika nani aliyeagiza kazi na nani aliyeilipia. Kampala watu walipangiwa, lakini Moshi wakulima walikaa upande wa mteja, wakaeleza wanachotaka, na msanifu aliyezijengea familia za wafanyakazi wa Frankfurt akapata tena watu aliopaswa kuwasikiliza. Mwaka mmoja hivi baada ya jengo kukamilika, May akiwa na umri wa miaka 67 alirudi Ujerumani kushika mipango ya ujenzi katika kampuni ya nyumba ya Neue Heimat mjini Hamburg, wakati ambapo miji ya nchi yake ilikuwa bado na magofu ya vita na mamilioni ya watu wakihitaji mahali pa kuishi.