Kwa Nini Eropleni Haitui Bila Ruhusa

Mtu aionapo eropleni ikipaa hustaajabu, akadhani kwamba kazi kubwa ya rubani ni kuipandisha juu. Lakini kazi iliyo ngumu zaidi ni kuishusha. Na tutazame sababu yake.

Eropleni hushikiliwa angani na upepo upitao mabawani mwake. Iendapo mbio, upepo huo huichukua. Mbio zake zikipungua kupita kiasi, huanza kuanguka. Basi wakati wa kutua rubani hana budi apunguze mbio ili asipite mwisho wa kiwanja, wala asizipunguze mno asije akaanguka. Hata hapo eropleni ya abiria huwa ingali ikienda zaidi ya kilometa 150 kwa saa, na ardhi i karibu. Akikosea, nafasi ya kusahihisha ni ndogo sana.

Huko Bukoba kazi hiyo huzidi. Kiwanja kiko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na eropleni itokayo upande wa ziwa hushuka juu ya maji. Majini hamna mti wala nyumba ya kumwonyesha rubani amebakiwa na kimo gani. Tena mvua inyeshapo, maji na mawingu huonekana kuwa rangi moja.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 eropleni ya Precision Air ilikuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Bukoba, ina watu 43. Ilipokaribia kiwanja hali ya hewa ilikuwa mbaya, kwa mvua na mawingu. Haikufika nchi kavu, ilianguka ziwani. Wavuvi waliokuwa karibu wakaiendea upesi kwa mitumbwi yao, wakawasaidia watu kutoka. Watu 24 waliokoka. Watu 19 walikufa, na miongoni mwao marubani wote wawili.

Safari hiyo ilikuwa ya halali. Marubani walikuwa na vyeti vyao, na watu wa kiwanja walikuwa wakiingoja. Ikiwa safari iliyotengenezwa hivyo yaweza kupatwa na msiba, je, ile ya mtu arukaye kwa siri itakuwaje?

Kabla ya kuondoka, rubani hueleza njia atakayofuata, idadi ya watu aliowachukua, mafuta yake yatadumu saa ngapi, na kiwanja cha pili atakachokiendea akishindwa kutua katika kile cha kwanza. Akiwa njiani husema na watu wa viwanjani kwa simu ya upepo, nao humwambia habari za upepo na mvua, na kama kuna eropleni nyingine njiani. Tena amewekewa kimo: akifika hapo asipouona uwanja, sharti apande tena juu, angoje, au aende penginepo.

Arukaye bila ruhusa hana msaada huo. Hakuna amwambiaye kwamba ukungu umefunika kiwanja, wala ajuaye kwamba amechelewa. Akianguka majini mbali na pwani, kuelekea visiwa vya Muleba kama Bumbire, ni nani atakayejua kumtafuta? Tena hajihatarishi peke yake: huwahatarisha abiria wake, na marubani wengine wasiojua kwamba yuko angani, na wavuvi walio chini yake.

Watu husema, “Ajali haina kinga.” Ni kweli kwamba hatuwezi kuzuia kila ajali. Lakini nyingi huzuiwa na amri zifuatwazo kwa uaminifu, na ajali itokeapo, anayengojwa hutafutwa upesi. Ruhusa si karatasi tupu: ni ahadi kwamba yuko mtu anayekungoja.

Maswali
1. Kwa nini kutua ni kugumu kuliko kupaa?
2. Rubani asipouona uwanja afanye nini?
3. Mvuvi aendaye ziwani usiku awaambie nini watu wa nyumbani kwake, na kwa nini?