Programu za Rejea za Tiba Katika Simu: Suala la Toleo na Kipimo cha Dawa

Daktari anayefungua programu ya rejea za tiba katika simu yake hutafuta jibu la haraka, hasa usiku, wakati hakuna bingwa wa kumuuliza. Programu kama Epocrates na Medscape, zilizobuniwa Marekani, humpa kipimo cha dawa na tahadhari zake mgonjwa akiwa bado mbele yake. Hata hivyo, manufaa hayo hutegemea jambo lisiloonekana kwenye skrini: maelezo hayo ni ya mwaka gani, na yaliandikwa kwa ajili ya nani.

Mfano ulio wazi ni tiba ya malaria kali. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilipandisha kipimo cha sindano ya atesuneti kwa watoto wenye uzito chini ya kilo 20, kutoka miligramu 2.4 hadi miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa toleo la zamani, mtoto wa kilo 12 anayestahili miligramu 36 atapewa miligramu 28.8, yaani pungufu kwa moja ya tano. Programu isiyohitaji intaneti, ambayo ni kimbilio la madaktari wa maeneo yenye mtandao hafifu, ndiyo hasa inayoweza kubaki na toleo hilo. Kuisasisha kunahitaji kifurushi, na si ajabu kifurushi hicho kikatoka mfukoni mwa daktari mwenyewe.

Tatizo la mwandikiwa ni gumu zaidi. Marekani iliidhinisha atesuneti ya sindano mwaka 2020. Kabla ya hapo, dawa ya sindano iliyoidhinishwa huko kwa malaria kali ilikuwa kwinidini. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kupendekeza atesuneti kwa watoto wa Afrika tangu 2011. Rejea inaweza basi kuwa sahihi kwa daktari wa Chicago na isimfae wa Kigoma.

Vipimo vya maabara navyo hutatiza: kreatinini ya mikromoli 106 kwa lita ni sawa na miligramu 1.2 kwa desilita, na kikokotoo hakimbaini aliyeingiza tarakimu ya kizio kingine.

Mgonjwa, kwa upande wake, huona tu daktari aliyeinamia simu, na huenda akadhani anasoma ujumbe wake binafsi. Ndiyo maana baadhi ya madaktari hutanguliza maneno: “Mama, naangalia kipimo cha dawa ya mtoto,” kisha humgeuzia skrini.